Kisukari na Uwezo wa Kunusa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mgonjwa wa kisukari anapohudhuria kliniki hupimwa sukari na shinikizo la damu, huvua viatu ili nyayo zikaguliwe, huulizwa kama anaona vizuri, na kila baada ya muda hutakiwa kutoa mkojo ili hali ya figo ijulikane. Pua haitajwi. Kwa kuwa haitajwi, wagonjwa wengi ambao uwezo wao wa kunusa umepungua hudhani kwamba ni mafua yasiyokwisha au ni uzee, na hawalisemi jambo hilo popote. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao na kwa ajili ya wanaoishi nao. Hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu, bali yatakusaidia kujua la kumweleza na la kumwuliza.

Je, ni kweli kwamba kisukari kinaweza kupunguza uwezo wa kunusa?

Ndiyo, kinaweza. Tafiti zilizolinganisha watu wenye kisukari na wasio nacho, kwa kuwanusisha vitu mbalimbali na kuwataka wavitambue, zimeonyesha kwa ujumla kwamba wenye kisukari hukosea zaidi. Uhusiano huu si mkubwa kama ule wa kisukari na macho au figo, na zipo tafiti ndogo ambazo hazikuuona kabisa, lakini matokeo ya tafiti nyingi yalipojumlishwa pamoja ulijitokeza.

Mfano mmoja unatoka Marekani, ambako uchunguzi wa kitaifa wa afya na lishe uliwanusisha watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi harufu 8: zabibu, stroberi, chokoleti, kitunguu, sabuni, ngozi, moshi na gesi. Majibu yao yalipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2018, ilionekana kwamba miongoni mwa wenye kisukari, kadiri matibabu yalivyokuwa mazito ndivyo upungufu mkubwa wa kunusa ulivyozidi kuonekana, na kwamba waliotumia insulini walikuwa wepesi zaidi kuripoti harufu ambazo hazikuwepo. Ningependa msomaji asiyachukue matokeo hayo kuwa sababu ya kuiogopa insulini. Mtu mwenye kisukari aina ya pili anapofikia kuchomwa insulini, mara nyingi amekwisha kuishi na ugonjwa kwa miaka mingi, na miaka hiyo ya sukari kupanda ndiyo inayotiliwa shaka kuliko sindano yenyewe.

Sukari iliyo kwenye damu inafikaje kudhuru pua?

Harufu ni kemikali nyepesi zinazopaa hewani. Tunapovuta pumzi, kemikali hizo hufika juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, ambako kuna utando mdogo wenye mamilioni ya seli za neva. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vya harufu katika seli hizo. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel, waliochapisha ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kutoka kwenye utando huo nyuzi za neva hupenya mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio la chai, kisha huingia kwenye sehemu ya ubongo inayopokea harufu kabla ya taarifa kusambazwa kwingine.

Kisukari kinaweza kuivuruga safari hiyo mahali pengi. Sukari inapokaa juu kwa miaka, huharibu kuta za mishipa midogo ya damu, ile ile inayoharibika kwenye macho na figo, na neva za kunusa nazo hulishwa na mishipa midogo ya namna hiyo. Neva zenyewe huumizwa na sukari nyingi pamoja na mabaki ya kemikali zinazotokana nayo. Mgonjwa anayehisi ganzi au moto nyayoni tayari ameona jinsi madhara hayo yanavyokuwa, na baadhi ya tafiti zimegundua kwamba wenye maumivu ya neva miguuni ndio hasa wenye upungufu wa kunusa.

Lipo pia suala la insulini, ambalo wengi hawalitarajii. Insulini hufanya kazi hata ndani ya ubongo, na wachunguzi wa panya wa maabara waligundua kwamba ile sehemu ya ubongo inayopokea harufu imesheheni vipokezi vya insulini kuliko sehemu nyingi nyinginezo. Mwili unapoacha kuitikia insulini ipasavyo, kama inavyotokea katika kisukari aina ya pili, yawezekana sehemu hiyo nayo hukosa ujumbe iliouzoea.

Neva za kunusa zina sifa moja ambayo neva nyingine nyingi hazina: seli zake hufa na kuzaliwa upya katika maisha yote ya mtu, kwa mzunguko wa wiki kadhaa hadi miezi michache. Uzazi huo wa seli unahitaji damu ya kutosha na utando usio na uvimbe wa kudumu, na hayo mawili ndiyo kisukari kisichodhibitiwa huyadhoofisha. Lakini ni sifa hiyo hiyo inayotufanya tusikate tamaa, kama itakavyoelezwa katika swali la kurudi kwa harufu.

Je, kila mwenye kisukari atafikia hali hiyo?

Hapana. Wengi huishi na kisukari miaka mingi na pua zao ziko sawa. Wanaoelekea kupata upungufu zaidi ni wale ambao sukari yao imekaa juu muda mrefu, wenye madhara mengine tayari, hasa ya neva, figo au mishipa mikubwa ya damu, wavutaji wa sigara, na wenye umri mkubwa.

Mbona sikutambua mapema, na nitajipimaje nyumbani?

Hukutambua kwa sababu upungufu huu huja polepole. Mtu anayepoteza kunusa kwa ghafla baada ya mafua makali au COVID-19 hujua siku ile ile, kwa kuwa jana alisikia harufu ya chai na leo haisikii. Anayepungukiwa kidogo kidogo kwa miaka hana jana ya kulinganishia. Mara nyingi ni watu wa nyumbani wanaogundua kwanza: mboga imeungua naye amekaa palepale, maziwa yamechacha naye ameyatia kwenye chai, au anajipulizia manukato mengi hadi wengine wanapiga chafya.

Kipimo cha nyumbani hakitoi uamuzi wa kitabibu, lakini kinakupa neno la kumweleza daktari. Mwombe mtu akusaidie. Aandae karafuu zilizopondwa, kahawa ya unga, ganda la chungwa lililominywa sasa hivi, mdalasini na kipande cha sabuni, kila kimoja kwenye kikombe chake, na aweke pia kikombe kimoja kitupu. Funga macho, ziba tundu moja la pua kwa kidole, naye akusogezee kikombe kimoja kimoja kwa mpangilio usioujua, sentimita chache kutoka puani, bila kukwambia ni nini. Sema kama unasikia harufu, na kama unasikia, sema ni ya kitu gani. Baadaye rudieni kwa tundu la pili. Kile kikombe kitupu ni muhimu, kwa sababu mtu akijua anapimwa hutaka kufaulu, na atakisia.

Usitumie pilipili, siki, amonia, kitunguu kibichi wala dawa ya kuchua yenye mentholi. Vitu hivyo huchoma na kuwasha, na mchomo huo husafiri kwa neva nyingine kabisa, ile ya hisia za uso, kiasi kwamba hata mtu asiyenusa chochote ataruka kichwa akisogezewa. Wengi hujidanganya hapa: wanasema pua yao ni nzima kwa sababu kitunguu bado kinawaliza.

Ukikosa harufu mbili au zaidi, au tundu moja likitofautiana sana na jingine, mwambie daktari. Kwenye hospitali kubwa, wataalamu wa masikio, pua na koo wana vipimo vya uhakika zaidi, kama vile kile cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania chenye harufu 40 za kukwaruza na kunusa, au zile kalamu za harufu zilizobuniwa Ujerumani, ambazo hupima pia kiwango kidogo kabisa cha harufu ambacho mtu anaweza kukisikia.

Chakula hakina ladha tena. Je, tatizo ni ulimi au pua?

Mara nyingi ni pua. Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezi wa nyama na mchuzi uliopikwa vizuri. Mengine yote tunayoyaita ladha, yaani tofauti kati ya iliki na binzari, kati ya embe na papai, hutoka kwenye harufu inayopanda kutoka kinywani kwenda puani kwa nyuma wakati wa kutafuna. Jaribu hivi: bana pua, tafuna kipande cha embe, kisha achia. Kama unapoachia hakuna kinachobadilika, pua ndiyo iliyopungukiwa. Kama hata utamu na chumvi huvisikii, basi kinywa nacho kichunguzwe, kwa sababu kisukari hukausha mate, huleta fangasi wa kinywani na huharibu fizi, na hayo yote huondoa ladha.

Ningeomba jambo hili lichukuliwe kwa uzito mkubwa, kwa kuwa hapa ndipo madhara ya pua yanaporudi kwenye ugonjwa wenyewe. Mtu asiyesikia ladha huongeza chumvi, na wengi wenye kisukari wana shinikizo la damu pia. Huongeza sukari kwenye chai, au huacha mboga na maharage anavyoshauriwa kula, akatafuta vyakula vya kukaangwa na vitamu kwa sababu ndivyo pekee vinavyomsisimua ulimi. Wengine hupoteza hamu ya kula kabisa, na aliyekwisha kumeza dawa au kuchoma insulini kisha asile yuko katika hatari ya sukari kushuka. Kama mwenye tatizo ndiye mpishi wa nyumba, familia nzima italishwa chumvi asiyoisikia, hivyo mwingine aonje kabla ya kupakua. Badala ya chumvi, chakula kichangamshwe kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili kiasi na vitu vinavyotafunika kwa mlio, kama karoti mbichi au karanga chache zilizokaangwa bila chumvi.

Dawa nazo zina sehemu yake. Metformini, dawa ya kushusha sukari, huwaachia baadhi ya watu ladha ya chuma mdomoni, hasa mwanzoni, na ikitumika kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, ambayo upungufu wake hudhuru neva. Kaptopirili, inayotumika kushusha shinikizo la damu, inajulikana kwa kubadili ladha. Usiache dawa yoyote kwa sababu hiyo. Mwulize daktari kama ibadilishwe, na kama damu yako ipimwe vitamini B12.

Nasikia harufu ya moshi au ya kitu kinachooza, lakini wenzangu wanasema hakuna kitu. Nina tatizo gani?

Kwanza hakikisheni kweli hakuna kitu: angalieni jiko, nyaya za umeme na takataka. Baada ya hapo, fahamu kwamba harufu za namna hii hutokea neva za kunusa zinapojeruhiwa au zinapojijenga upya na kutuma taarifa zisizo sahihi, na kwamba zimeripotiwa na wenye kisukari, kama ilivyotajwa hapo juu. Si wazimu na si uchawi, na inasikitisha kwamba wapo wanaofichwa nyumbani kwa dhana hizo. Uvimbe wa sainasi, yaani matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, na jino bovu huweza pia kutoa harufu mbaya ambayo mgonjwa peke yake huisikia. Hata hivyo, kama harufu hiyo huja kwa ghafla, hudumu kwa muda mfupi, na huambatana na kupotewa na fahamu, kukodoa macho au kutojibu unaposemeshwa, inaweza kuwa dalili ya kifafa, na hapo uchunguzi wa ubongo unahitajika bila kuchelewa.

Nimepungukiwa na uwezo wa kunusa. Je, hiyo ni ishara kwamba nina kisukari?

Peke yake si ishara. Lakini kama unakunywa maji sana, unakojoa mara kwa mara, unapungua mwili bila sababu, unaona ukungu, au kuna ndugu wa damu mwenye kisukari, kapime sukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kwamba wanacho.

Kuna hatari gani hasa nyumbani?

Ya kwanza ni gesi ya kupikia, ambayo sasa imeingia katika nyumba nyingi za mijini mwetu. Gesi ya mtungi kwa asili yake haina harufu ya kutambulika. Ile harufu kali inayofanana na ya yai viza ni kemikali yenye salfa iliyotiwa makusudi ili uvujaji ugundulike kwa pua. Asiyenusa amepoteza onyo hilo, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni na kusubiri cheche. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe kila unapomaliza kupika, badala ya kuzima jiko tu; paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira mara kwa mara na utazame kama mapovu yanavimba; acha dirisha la jiko wazi; na kama uwezo upo, nunua kengele ya kugundua gesi ya mtungi, ifungwe karibu na sakafu. Jiko la mkaa ni jambo jingine: hewa yake ya sumu haina harufu kwa mtu yeyote, mwenye pua nzima au mbovu, hivyo lisilale ndani na watu.

Ya pili ni chakula kilichoharibika. Usiamue kwa kunusa. Kiporo kiandikwe tarehe, samaki na nyama avikague mtu mwingine, na chakula chenye shaka kitupwe, kwa maana kutapika na kuharisha humvuruga mwenye kisukari kuliko mtu mwingine: sukari inaweza kushuka kwa kuwa hakuna kinachokaa tumboni, au kupanda kwa sababu mwili umeugua na umekaukiwa maji.

Ya tatu ndiyo inayonihuzunisha zaidi, na ni nadra kuisikia ikisemwa. Mgonjwa mwenye ganzi miguuni hukanyaga msumari au kuchubuliwa na kiatu bila kuhisi maumivu. Kinga yake ya mwisho, hasa kama haoni vizuri au hawezi kuinama, ni harufu ya soksi au ya kidonda kilichoanza kuoza. Kisukari kikiwa kimechukua hisia ya mguu na harufu kwa pamoja, kidonda kinaweza kukaa siku nyingi ndani ya kiatu bila mwenyewe kuwa na habari, mpaka mtoto wa nyumbani aseme kuna uvundo chumbani. Ndiyo maana ukaguzi wa miguu usitegemee hisia yoyote ya mgonjwa. Kila jioni, mtu mwenye macho mazuri akae naye mahali penye mwanga, atazame nyayo, visigino na katikati ya kila kidole, akague soksi nyeupe kama zina doa la damu au usaha, na aingize mkono ndani ya viatu kutafuta mchanga, kokoto au uzi uliokaza. Kidonda chochote kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama hakiumi.

Kuna pia mambo ya utu na staha. Mtu asiyejinusa huogopa kwamba ananuka kikwapa au mkojo na hujitenga na watu. Mwambieni ukweli kwa upole, faraghani, na mumhakikishie anapokuwa safi.

Ndugu zangu wanasema pumzi yangu inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Mimi sisikii.

Usisubiri kuisikia. Harufu hiyo, ambayo wengine huifananisha na ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hutokana na asetoni, na inaweza kumaanisha kwamba mwili umekosa insulini na unachoma mafuta kwa kasi hadi damu inakuwa na asidi. Ikiambatana na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu na haraka, kiu kali au kusinzia, ni dharura: pima sukari na ketoni, yaani mabaki ya mafuta yanayochomwa, kama una kifaa, kisha nenda hospitali. Wapo pia watu wenye pua nzima ambao hawaisikii harufu hii, hivyo kutoisikia kwa mtu mmoja kusimtulize yeyote.

Je, inawezekana sababu si kisukari?

Inawezekana kabisa, na daktari mzuri hatakubali kisukari kibebe lawama kabla ya kuangalia mengine: mafua ya virusi, mzio, vinyama vya puani, ajali ya kichwa, sigara, moshi na kemikali za kazini, na ugonjwa wa Parkinson, ambao huweza kuanza kwa kupoteza harufu miaka kadhaa kabla ya mikono kutetemeka. Umri nao una nguvu sana. Utafiti wa mji wa Beaver Dam, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta upungufu wa kunusa kwa zaidi ya nusu ya wazee wenye miaka 80 na kuendelea. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na sababu tatu kwa wakati mmoja, na huenda moja kati yake, kama vinyama vya puani, ina tiba ya moja kwa moja.

Nikidhibiti sukari, harufu itarudi?

Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo. Kudhibiti sukari kunajulikana kupunguza madhara ya neva na mishipa midogo kwa jumla, hivyo ni busara kutarajia kwamba kutazuia hali isizidi kuwa mbaya. Kurejesha kilichopotea ni jambo jingine, na hutegemea muda uliopita na kiasi cha uharibifu. Uliza matokeo ya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu (HbA1c), ambacho kwa watu wazima wengi hulengwa kuwa chini ya asilimia 7, ingawa kwa wazee na kwa wale ambao sukari yao hushuka mno mara kwa mara daktari anaweza kuridhika na kiwango cha juu zaidi. Usishushe sukari kwa pupa ili kuikimbilia harufu. Kuacha sigara ni tiba ambayo haina gharama, na kwa pua ina manufaa yake yenyewe.

Mazoezi ya kunusa ni nini, na yanafaa kwa mwenye kisukari?

Ni utaratibu uliochapishwa mwaka 2009 na Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani. Wagonjwa walinusa harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12, na walioufuata walipata nafuu zaidi ya wasioufuata. Ushahidi mwingi umetoka kwa watu waliopoteza harufu baada ya maambukizi ya virusi. Kwa wenye kisukari ushahidi ni mchache, lakini mazoezi hayana madhara, hayapandishi sukari, na vifaa vyake vinapatikana kwa bei ndogo, hasa kwetu ambako karafuu ya Pemba haikosekani sokoni.

Tafuta vichupa vinne vyenye vifuniko. Kimoja tia karafuu zilizopondwa, kingine maganda ya limau, cha tatu majani ya mkaratusi yaliyofikichwa, cha nne pamba yenye marashi ya waridi. Maganda na majani yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu, kwani harufu yake huisha na kuvu huota. Keti mahali patulivu, fungua kichupa kimoja, nusa taratibu kwa pumzi fupi fupi kwa sekunde 10 hadi 20 huku ukiikumbuka harufu yenyewe: mchele wa pilau uliotiwa karafuu, chai ya limau wakati wa mafua, na kadhalika. Pumzika kidogo kabla ya kichupa kinachofuata. Mwanzoni unaweza usisikie kitu, na hilo lisikufanye uache. Endelea kwa miezi mitatu angalau, na uandike kwenye daftari kila wiki unachokisikia, maana nafuu ndogo husahaulika. Usimimine mafuta puani na usivute mvuke wa moto karibu na uso, hasa kama una ganzi na huhisi joto vizuri.

Nitumie dawa gani? Nimeshauriwa matone, vidonge na mitishamba.

Hapa nasihi uangalifu mkubwa. Vidonge vya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe kama predinisoloni, hutolewa wakati mwingine kwa waliopoteza harufu, na kwa mwenye vinyama vya puani vinaweza kusaidia, lakini hupandisha sukari haraka na kwa kiwango kikubwa. Ukiandikiwa, mwambie anayekuandikia kwamba una kisukari, ataje kabla ni mara ngapi upime sukari na dawa zako zibadilishwe vipi. Steroidi ya kupuliza puani huingia mwilini kwa kiasi kidogo zaidi na ni salama zaidi, lakini nayo isimamiwe na daktari. Matone ya kuzibua pua yakitumika mfululizo zaidi ya siku chache huifanya pua izibe zaidi, na vidonge vya kuzibua pua vinaweza kupandisha shinikizo la damu.

Usitie zinki puani. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu dhidi ya dawa za mafua za kupaka puani zenye zinki kwa sababu baadhi ya watumiaji walipoteza harufu kabisa. Ugoro na dawa za unga za kuvuta puani nazo huujeruhi utando ule ule unaotaka kuuponya. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa hakuna ubaya, mradi maji yawe yamechemshwa kweli.

Nimesikia kuna insulini ya kupuliza puani inayorudisha harufu.

Watafiti wamejaribu, kwa vikundi vidogo vya wagonjwa, kuweka insulini puani kwa ajili ya kurudisha harufu. Bado si tiba iliyokubalika. Insulini yako ya sindano haikutengenezwa kwa ajili ya pua, usiijaribu.

Ni wakati gani niende hospitali haraka, na nimweleze nini daktari?

Nenda siku hiyo hiyo kama upande mmoja wa pua umeziba na unatoa majimaji meusi au yenye damu, uso au jicho limevimba, unaona vitu viwili viwili, au kuna doa jeusi puani au kwenye kaakaa. Mwenye kisukari ambaye sukari yake iko juu sana anaweza kushambuliwa na fangasi hatari wanaokula tishu za pua na kupanda kuelekea jicho na ubongo. India ilishuhudia wimbi la wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2021, wengi wao wakiwa na kisukari na wametoka kuugua COVID-19. Kila saa ina thamani. Nenda pia bila kuchelewa kama harufu imepotea baada ya kuumia kichwa, au imepotea ghafla pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema.

Katika hali ya kawaida, lifikishe suala hili kwenye kliniki yako ya kisukari unapohudhuria, hata kama hakuna aliyekuuliza. Sema lilianza lini, kama lilikuja ghafla au polepole, kama ni upande mmoja au pande zote mbili, kama harufu zimepungua, zimebadilika au unasikia zisizokuwepo. Peleka daftari la vipimo vya sukari, majibu ya kile kipimo cha nyumbani, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji, kwenye mfuko mmoja. Omba akague miguu na aulize kuhusu ganzi, kwa kuwa pua na nyayo mara nyingi huumizwa na sukari ile ile, kisha omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo ili achungulie ndani ya pua kwa kifaa chake.